Kesi ya Vumbi, Msimu wa Senene

Jumapili, 6 Oktoba

Hapa Kamachumu mtu akipata tatizo la sheria, jina la kwanza kutajwa ni la Kamala, ndilo langu, na la pili ni la serikali. Sijisifu, naandika kama ilivyo. Ule mgogoro wa mpaka wa parokia na soko niliumaliza kwa kusimama tu katikati na kuwaangalia. Bwana ardhi alifunga mkoba wake akaomba radhi, na hakuwa na kosa lolote. Shule niliachia kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa.

Kwa hiyo kesi ya kaka yangu Rweyemamu naiongoza mimi. Wakili yupo, anaitwa Evelyne, ofisi yake iko Bukoba mjini, anajitahidi. Lakini wakili ni usukani. Dereva ni mimi.

Naiandika kesi hii tangu leo ili siku wakija kuipotosha nionyeshe daftari. Kaka alifanya kazi miaka kumi na nane kwenye Kampuni ya kuezeka. Jina la Kampuni siliandiki humu, maana daftari linaibika. Waliezeka maghala, vyuo na nyumba za walimu kwa mabati ya asbesto, yale ya kijivu yanayofanana na saruji. Wengine walipanda juu, kaka alikuwa mkataji. Alikata kwa msumeno wa mkono, vumbi likamjaa mpaka kwenye kope. Akirudi nyumbani, mkewe Ma Edvina alimkung'uta uani kama gunia la unga.

Sasa ni mwaka wa sita kifua kimekaza. Daktari wa Mwanza amesema mapafu yameota makovu na makovu hayo hayafutiki. Akitoka kitandani hadi mlangoni, kaka anakaa chini akihema kama mtu aliyepanda mlima kutoka ziwani na mzigo wa samaki kichwani. Anahitaji mashine ya kumpa hewa. Kampuni ikilipa fidia, ataipata. Isipolipa, amesema atauza kibanja cha chini, shamba letu la migomba, na humo ndimo walimolala baba na mama.

Mvua imeanza.

Jumatano, 9 Oktoba

Pikipiki nyeusi imepita mbele ya nyumba ya kaka mara mbili, polepole. Mwendeshaji anaangalia uani. Hasalimii. Nimeandika namba.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, ofisi zimefungwa. Mvua. Pikipiki haikupita, na hilo ndilo limenitia wasiwasi zaidi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Tumekwenda Bukoba, mimi na Kokugonza, binti wa kaka, yule mwalimu wa shule ya msingi. Mwenyewe anafikiri kesi ni yake kwa kuwa ndiye aliyempata wakili. Namwacha afikiri.

Nilikuwa nimebeba mfuko wa sandarusi. Evelyne akauliza, "Ta Kamala, humo kuna nini?"

"Kidhibiti," nikamwambia, nikakiweka mezani. Kilikuwa kipande cha bati la asbesto kutoka paa la jiko la kaka. Zamani Kampuni iliwaruhusu kubeba mabati yaliyopasuka, na wafanyakazi wote waliezekea majiko yao. Niliona tusipokiwahi, watu wa Kampuni watakiiba.

Evelyne alisimama kama aliyeona nyoka. "Umekivunja mwenyewe?"

"Kwa nyundo."

"Ulifunika pua?"

"Mwanangu, pua hii imepita kwenye moshi wa vita."

Kokugonza akaangalia dari. Evelyne alitutoa nje sote, na karani wake pia, akakifunika kile kipande kwa taulo lililolowa, akakifunga kwenye mifuko mitatu. Kisha akanisema kwa adabu, lakini alinisema. Jiko lile lisiguswe, lisigongwe, lisifagiliwe kavu, mpaka waje wanaojua kuliondoa. Nikasema sawa. Ila nimeondoka najiuliza kwa nini kidhibiti kimebaki kwake na hakurudi nacho mwenye mali.

La muhimu ni hili. Kampuni imejibu mahakamani kwa maandishi kwamba haikujua kabisa kama vumbi lile lina madhara, imekuja kusikia kama watu wengine wote, kazi ikiwa imeshafungwa. Evelyne anasema tukishindwa kulivunja hilo, tumekwisha. Anataka mtu aliyekuwepo. Wakataji wenzake kaka wote wamekufa, na kila mmoja familia yake inasema alilogwa. Amebaki Machibya peke yake, Msukuma, aliyehamia kisiwa cha Bumbire kuvua.

"Nani atamfuata?" Evelyne akauliza.

Nilivaa koti langu la kahawia nikasimama.

Jumanne, 22 Oktoba

Bumbire. Ziwa lilikuwa limechafuka kiasi kwamba nahodha wa boti alinikabidhi usukani akaanza kuungama dhambi zake. Mawimbi yalikuwa na urefu wa mnara wa kanisa la parokia, ukiondoa msalaba. Nilikata moja, nikakata la pili, la tatu nikalionea huruma nikalizunguka. Abiria mmoja, mama wa samaki, alitapika njia nzima. Mimi sikutapika kwa maana ya kutapika.

Machibya nilimkuta akigeuza dagaa kwenye nyavu za kuanikia. Mzee mfupi, kifua chake nacho kinapiga mluzi kidogo akiinama. Tulisalimiana, akacheka koti langu.

"Ninyi Wahaya hata mkija kuomba mnakuja mmevaa kama mnakuja kutoa. Nshomile wewe, msomi wa maringo."

"Sijaja kuomba. Nimekuja kukupa nafasi ya kusema kweli."

"Kweli ninayo bure, Bwana Kamala. Rweyemamu yuko hai?"

Nikamwambia hali ya kaka. Aliokota dagaa mmoja aliyeanguka mchangani, akampangusa, akamrudisha kwenye wavu. Kisha akasema atakuja, siku yoyote atakayoitwa, na nauli asipewe.

Hapo ndipo nilipoanza kumwangalia vizuri. Mtu gani anakataa nauli? Na nyuma yake kulikuwa na injini ya boti, mpya kabisa, bado ina nailoni. Nikamuuliza Kampuni ilikuwaje.

"Ilikuwa nzuri," akasema. "Kazi ngumu, lakini walitutunza sisi wakataji. Kila siku ya kukata tulipewa maziwa. Kikombe kikubwa kila mtu, ya moto."

"Maziwa?"

"Hakukwambia? Rweyemamu ndiye aliyekuwa anagawa."

Nilihisi jasho ndani ya koti. Kaka aliandika kwa wakili kwamba Kampuni haikuwapa kitu chochote, hata kitambaa cha pua. Na huyu anakwenda kusimama mahakamani kusema walinyweshwa maziwa kama watoto wa chifu.

"Mzee Machibya," nikamwambia, "hayo ya maziwa yaache hapahapa kisiwani."

"Nikiapa nasema yote."

"Nani amekutuma?"

"Umenifuata wewe," akasema, "halafu unauliza nani kanituma." Akarudi kwenye dagaa wake.

Amenunuliwa. Injini ile haikutoka kwenye dagaa.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua. Sijalala vizuri. Mke wangu anasema nilitukana injini usingizini.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimemuuliza kaka kuhusu maziwa. Alikuwa amekaa barazani na mito mgongoni, Ma Edvina akimenya ndizi pembeni. Nilitegemea akatae, aseme Machibya ni mwongo. Hakukataa. Aliangalia mgomba ulioanguka kwa mvua, akaangalia hadi mimi nikauangalia pia.

"Maziwa yalikuwepo au hayakuwepo?"

"Kamala, nimechoka."

"Ni neno moja, kaka waitu."

Ma Edvina akaweka kisu chini. "Shemeji, mwache. Leo kaongea sana."

Sasa nawaza jambo baya, naliandika kwa herufi ndogo. Je, na yeye wamemfikia? Mtu mgonjwa, mkewe kachoka, pikipiki nyeusi inapita kila wiki. Labda kuna bahasha. Labda kesi hii yote naipigania peke yangu na mgonjwa mwenyewe yuko upande wa pili. Nimepekua chini ya mto wake alipokwenda chooni, kwa kisingizio cha kutandika. Nimekuta rozari na pipi za kifua.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua kubwa. Kaka amekohoa mchana kutwa. Kokugonza amepiga simu nimpe maelezo ya Bumbire, nimemwambia yote yanakwenda vizuri.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Baada ya misa tumesafisha makaburi ya baba na mama. Kaka alitaka kufika, tukambeba juu ya kiti, mimi mbele, Kokugonza na Ma Edvina nyuma. Mtu aliyekuwa anabeba mbao tatu begani sasa ni mwepesi kama kapu tupu. Nilijifanya nimechoka ili asijue.

Tulipomaliza aliwaambia wanawake watangulie. Mimi nikabaki nimesimama, maana nilijua linakuja, na nilikuwa nimejiandaa kumsamehe kwa bahasha.

"Unakumbuka kesi ya ng'ombe?" akaniuliza.

Nakumbuka. Jirani yetu alilisha ng'ombe kwenye maharage ya baba, akala shamba zima. Watu wakamwambia baba ashitaki. Baba alikataa, kwa kuwa mwaka mmoja mama alipokuwa mgonjwa, jirani yule alituletea maziwa. Nyumbani kwetu ilikuwa hivyo, na kwa watu wengi wa rika la baba. Umekunywa maziwa ya mtu, humpeleki kwa mkungu, mzee wa kijiji, wala kwa hakimu. Unameza.

"Nimekunywa maziwa yao," kaka akasema. Akapumzika. "Miaka yote ile." Akapumzika tena. "Wakili aliponiuliza walikupa nini, nikasema hakuna. Ningesema maziwa, baba angesikia."

Alikuwa anaangalia kaburi, haniangalii mimi. Kumbe hakuna bahasha. Kaka yangu alikuwa na aibu tu, ya kudai watu waliomnywesha.

Ningeweza kumwambia maneno ya maana. Nikamwambia, "Umefanya vizuri kuficha. Tuendelee kuficha. Machibya niachie mimi." Akatikisa kichwa, sikujua ni ndiyo au ni kukohoa.

Ijumaa, 8 Novemba

Senene wameanguka, panzi wetu wa kukaanga. Tangu alfajiri watu wako vilimani na ndoo, watoto wanapiga kelele kama wameona pesa. Ma Edvina amekaanga mbele ya nyumba, mbali na kaka kwa ajili ya moshi, akamletea kwenye sahani ndogo. Alikula kidogo kidogo, akipumzika kati ya mmoja na mwingine.

Pikipiki nyeusi nimeisimamisha. Yule kijana ni mnunuzi wa senene kutoka mjini, alikuwa anatafuta uwanja wa kuweka mapipa na taa zake za kuvutia senene. Uani kwa kaka ameona panafaa. Nimemwambia hapafai. Namba yake sijaifuta.

Jumatatu, 18 Novemba

Kesho ni Bukoba. Nimempigia Machibya kumkumbusha yale ya kuacha kisiwani. Amesema mtandao ni mbaya, hanisikii. Mimi nilikuwa namsikia vizuri sana.

Jumanne, 19 Novemba

Naandika hili polepole, lisije likakosewa.

Kaka ndiye aliyetangulia kutoa ushahidi, akiwa amekaa, hakimu alimruhusu. Wakili wa Kampuni, mwanaume mrefu mwenye sauti ya padri, akamuuliza kama Kampuni iliwahi kuwapa chochote cha kuwasaidia kazini. Kaka akasema hakuna. Wakili akaandika. Sikupenda alivyoandika, alitabasamu na kalamu.

Kisha akaitwa Machibya. Alivaa shati jeupe lililokunjwa mistari ya sanduku. Akaapa. Evelyne akamwongoza, akaeleza msumeno, akaeleza vumbi, vizuri kabisa. Mimi nilikaa benchi la mbele, nikawa namwonyesha kwa kidole, hivi, kidogo tu, kwamba aishie hapo.

Hakimu akasema, "Yule mzee mwenye koti la kahawia, mkono wake una nini?"

Nikasema ni baridi yabisi. Watu wakacheka. Mkono nikaukalia.

Wakili wa Kampuni akainuka. "Mzee, Kampuni iliwatunza?"

"Ilitutunza. Tulipewa maziwa."

"Maziwa?"

"Kila siku ya kukata. Ya moto."

Akageuka taratibu kumtazama kaka. "Lakini mdai ameapa hapa kwamba hawakupewa chochote. Nani kati yenu anaidanganya mahakama?"

Kaka aliinamisha kichwa. Moyoni nikasema, nilijua, injini ile nilijua. Nikaona kibanja cha chini kinaondoka, na makaburi yake. Kokugonza alinishika mkono ule mwingine, akaubana kwa nguvu, na mimi nilikuwa siwezi hata kumwangalia, maana nililijua jambo hili tangu Oktoba na sikumwambia.

Wakili akakaa, ameshiba. Evelyne alikuwa bado anaandika. Nilifikiri analia. Akasimama, uso wake haukuwa wa kulia.

"Mzee Machibya, maziwa walipewa wafanyakazi wote?"

"Hapana. Wakataji tu. Wapandaji walilalamika sana, hawakupewa."

"Kwa nini wakataji tu?"

"Kwa sababu ya vumbi. Msimamizi alituambia maziwa yanaosha kifua. Alisema asiyekunywa, vumbi hili litamla mapafu akizeeka."

"Msimamizi wa Kampuni alisema hivyo?"

"Mbele yetu. Yeye mwenyewe hakusogea tukikata. Alikuwa anatupigia filimbi kutoka mbali, kwenye upepo."

"Hiyo ilikuwa lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Rweyemamu alikuwa hajaoa."

Evelyne alichukua karatasi ya Kampuni, ile iliyosema hawakujua kabisa, akaisoma kwa sauti, mstari mmoja, akakaa. Yule mwenye sauti ya padri alikuwa anatafuta kitu kwenye makaratasi yake na hakukipata.

Hakimu akamwita kaka tena, aeleze kwa nini alisema hakuna. Kaka alieleza habari ya baba na jirani na ng'ombe. Ilimchukua muda mrefu, maneno mawili, pumzi, maneno mawili, pumzi. Hakuna aliyemharakisha.

"Niliona aibu kuwashitaki watu walionipa maziwa," akamaliza.

"Mzee, pumzika kwanza," hakimu akasema.

"Nimepumzika miaka sita, mheshimiwa."

Nje, chini ya ukingo wa paa, Machibya alisimama karibu nami akisubiri mvua ipungue. Nikamuuliza injini aliipata wapi. Akasema ni ya kikundi chao, wanaume tisa, mkopo, na zamu yake ya kuitunza ndiyo ilikuwa ile wiki. Kisha akasema, "Baridi yabisi inaendeleaje?"

Nauli bado amekataa.

Jumatano, 20 Novemba

Nimelala mchana. Watu wamekuja kunipongeza. Nimewaambia habari ya maziwa ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Kokugonza alikuwepo. Hakusema kitu, na kutosema kwake kumenichosha kuliko safari ya Bumbire.

Ijumaa, 29 Novemba

Kampuni imempigia Evelyne, inataka kuyamaliza nje ya mahakama. Italeta mashine ya hewa kwanza, ndani ya wiki mbili, na fidia yenyewe wataisaini mbele ya hakimu Januari. Kaka amekubali. Kibanja hakiuzwi. Ma Edvina aliingia ndani akakaa huko kwa muda.

Mimi nimewaambia wote wasifurahi. Watu waliokaa mbali na vumbi wakapiga filimbi hawawezi kutoa mashine nzima kwa wema.

Jumanne, 10 Desemba

Mashine imefika na fundi wake. Ni kama jokofu dogo lenye magurudumu, na mrija mrefu wa kuingia puani. Evelyne alikuja kuikagua, akasaini. Nimemuuliza kama ameifungua ndani. Akasema haifunguliwi. Nikaandika hilo.

Alhamisi, 12 Desemba

Kijiji kizima kinakuja kuangalia mashine. Mimi ndiye mwendeshaji. Nawaeleza kitufe kwa kitufe, na wengine wananiita daktari, siwakatazi.

Lakini mchana huu nilikaa nikaifikiria. Inanguruma, ndiyo. Ina taa ya kijani, ndiyo. Redio nayo ina taa. Nani kati yetu amehakikisha kwamba ndani ya mrija ule kuna kitu kinachotoka? Kaka anasema anajisikia nafuu, ila kaka ni mtu wa kuwaonea watu aibu, anaweza kusema nafuu ili asiwaudhi.

Alipouvua mrija ili anywe uji, nikauchukua. Nikauweka puani kwangu.

"Kamala, unafanya nini?"

"Napima."

"Inapuliza?"

"Inapuliza."

Alicheka mpaka uji ukamwagika, akakohoa, akanyoosha mkono nikamrudishia mrija wake. Alipotulia aliniangalia, akasema, "Basi mbona umenuna?"

Nikamwambia sijanuna, ni sura yangu. Nikatoka nje kwenye mvua.

Mke wangu hasomi daftari hili, kwa hiyo naandika. Ule upepo ulikuwa wa baridi kidogo, una harufu ya plastiki mpya, na ulikuwa wa kweli. Na mimi nilivunjika moyo. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuwaambia watu jioni, kwamba mashine ni bandia na niliwaonya. Kaka yangu anapumua, na mimi kwa muda mfupi pale, mrija ukiwa puani, nilitamani isipulize.